Kukarabati kompositi ya ndege kwenye mwinuko wa Nairobi

Cessna Caravan, ndege ndogo ya injini moja, ikitua kwenye kiwanja cha murram kule Mara, kokoto zinazorushwa na matairi huishia tumboni, kwenye podi ya mizigo. Podi hiyo ni ya kompositi, yaani nyuzi zilizoshikwa na resini: kwa nje ni faibaglasi, kisha kuna tabaka la Kevlar (nyuzi ngumu za sintetiki), na ndani ni Nomex, karatasi ngumu yenye umbo la sega la nyuki. Jiwe la ukubwa wa ndimu huacha doa dogo kwenye rangi. Chini ya doa, sega linaweza kuwa limebonyea na ngozi imebanduka eneo kubwa kuliko doa lenyewe mara kadhaa.

Hapa tunafuata kazi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho: tundu la milimita 60 kwenye ngozi ya nje ya paneli ya sandwichi, yaani ngozi mbili zenye sega katikati. Ngozi ni matabaka 3 ya kitambaa cha glasi, sega ni Nomex, na kiraka ni cha epoksi, resini ya sehemu mbili, ya kupaka kwa mkono, inayoivishwa chini ya mfuko wa vakyumu. Ncha za mabawa, vifuniko vya injini na vifuniko vya maungio ya bawa na kiwiliwili vya ndege ndogo hufuata mkondo huo huo. Sehemu zinazobeba mzigo mkubwa ni habari nyingine. Boeing 787, ambayo nusu ya uzito wa muundo wake ni kompositi, haikarabatiwi ubavuni kwa kikombe na brashi.

Vipimo vilivyomo humu ni vya kawaida katika kazi hii, lakini kitabu cha mtengenezaji kikisema tofauti, kitabu ndicho kinachoshinda. Kazi ifanyike ndani ya karakana iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na injinia mwenye leseni ndiye atie sahihi. Soma kitabuni ukomo wa jeraha, yaani ukubwa na mahali panaporuhusiwa kukarabatiwa, kabla ya kushika msasa. Tundu linaloruhusiwa katikati ya paneli linaweza kukatazwa kabisa sentimita 20 pembeni, karibu na bawaba au msitari wa skrubu.

Hesabu ya hewa

Mfuko wa vakyumu wenyewe haukandamizi kitu. Ukinyonya hewa ya ndani, hewa ya nje ndiyo inayolalia kiraka. Wilson, kiwanja cha ndege ndogo cha Nairobi, iko karibu mita 1,680 juu ya bahari, na hewa ya huku ina shinikizo la milibari 830 hivi, ilhali Mombasa ni 1,010 na ushei. Kwa lugha ya geji, vakyumu kamili Mombasa ingesoma karibu inchi 30 za zebaki. Nairobi inaishia 24 na nusu.

Vitabu vingi vinadai isishuke chini ya inchi 22. Fundi wa Mombasa ana akiba ya inchi karibu 8 za kuvujisha kabla hajaharibu kazi. Wewe una 2 na nusu. Kiraka cha kipenyo cha milimita 185 kitakandamizwa kwa takriban kilo 220 hapa, na kilo 270 kule pwani, kwa pampu ile ile.

Kwa hiyo usiweke king'ora cha mashine inayosimamia joto na vakyumu kwenye inchi 25 kama picha za mafunzo zinavyoonyesha, maana kitalia usiku kucha. Kiweke 22. Ukiona geji inasoma 27 ukiwa Lang'ata Road, usifurahi: geji hiyo inadanganya, ipeleke ikapimwe. Na pampu za venturi, zile zinazoendeshwa na hewa ya kompresa, ziangalie kwa jicho kali. Yenye kibandiko cha inchi 27 kilichopimwa usawa wa bahari hutoa 22 hivi huku, maana yake huna akiba yoyote. Tumia pampu ya mota.

Kugonga, kisha kuchora

Osha eneo, likauke, kisha gonga. Sarafu ya shilingi 20 inatosha, ila nyundo ndogo maalumu hutoa mlio ulio sawa kila mara. Gonga kila milimita 10 ukianzia mahali pazima kuelekea kwenye doa. Palipo pazima pana mlio mkavu, wa juu. Palipobanduka pana mlio mzito uliokufa. Ni sikio lile lile la mnunuzi wa tikitimaji pale Marikiti. Zima kompresa na redio kwanza. Weka nukta ya kalamu kila mlio unapobadilika, halafu unganisha nukta. Mchoro utakaopata ndio jeraha. Doa ulilopeleka macho mwanzoni lilikuwa mlango tu.

Kugonga kunafaa ngozi nyembamba juu ya sega. Laminati nene isiyo na sega hukudanganya, kwa sababu tabaka la chini linaweza kuachana na la juu likalia vizuri. Huko tumia mashine ya ultrasoniki. Geuza paneli ugonge na ngozi ya ndani pia, maana jiwe likiingia kwa nguvu hufika huko.

Kutoa rangi na kutoa maji

Rangi hutolewa kwa msasa. Dawa ya kubabua rangi inayotumika kwenye alumini hula resini, na ikishaingia kwenye nyuzi haitoki. Anza na msasa namba 120, ukifika kwenye praima punguza mkono, ukiona nyuzi umepita. Vumbi la glasi huwasha na la kaboni hupitisha umeme, kwa hiyo mdomo wa mashine ya kufyonza vumbi uwe karibu na msasa, barakoa usoni, na visanduku vya umeme vilivyo karibu vifunikwe. Kevlar haikubali msasa: hutoa manyoya. Ikate kwa mkasi wake wenye meno madogo.

Maji sasa. Podi iliyopigwa Machi na kuletwa karakanani Mei, baada ya masika, imekunywa mvua yote hiyo kupitia ufa usiopitisha hata kucha. Maji yaliyofungiwa kwenye seli za sega yakipashwa nyuzi 120 za Selsiasi huwa mvuke wenye shinikizo la karibu bar 2, huku hewa ya Nairobi ikisukuma kutoka nje kwa bar 0.83 tu. Ngozi huinuka kama chapati. Hata ukiivisha kwa joto la chini, vakyumu huyachemsha maji mapema, na mvuke hupita ndani ya resini mbichi ukiacha vitundu.

Kausha kwa nyuzi 65 hadi 75 chini ya mfuko wa vakyumu, ukipandisha joto polepole, nyuzi 1 kwa dakika. Sega lililolowa huchukua usiku mzima. Kama kipande kinatoka kwenye ndege, kipime uzito kabla ya kuanza, kisha kila baada ya saa 2. Uzito ukiacha kushuka mara mbili mfululizo, kimekauka. Bunduki ya hewa moto si njia ya kukausha. Huunguza sehemu moja na kuacha ya jirani ikiwa mbichi.

Kukata, kuziba sega, kuchonga mteremko

1. Kata ngozi iliyokufa kwa rauta (mashine ya kuchonga) na kiolezo, kwa umbo la duara au yai. Kona kali hukusanya mkazo. Kama ni lazima kuwe na kona, nusu kipenyo yake isipungue milimita 12.5. Weka kina cha rauta kiishie chini ya ngozi tu.

2. Toa sega lililoharibika kwa kisu, ukiacha ngozi ya ndani bila mkwaruzo. Gundi iliyobaki chini ilainishwe kwa msasa, isichimbuliwe.

3. Kata kizibo kutoka sega la aina ile ile: ukubwa wa seli, uzito na unene vilingane. Mwelekeo wa utepe pia, yaani upande zinakokwenda karatasi zilizogundishwa kutengeneza sega. Chukua kioo cha kukuzia uangalie seli. Kuta zenye unene maradufu, palipogundishwa karatasi mbili, zinalala sambamba na utepe. Kizibo kilichogeuzwa nyuzi 90 kitakaa vizuri machoni na kitakuwa na nguvu tofauti ya kuhimili mkato.

4. Gundisha kizibo chini na pembeni kwa gundi iliyotajwa kitabuni, kiache kiive, kisha kipige msasa mpaka kiwe sawasawa na ngozi. Kikibaki juu hata nusu milimita, kiraka kitakuwa na nundu. Kikiwa chini, resini itajaa shimoni na kuongeza uzito bure.

5. Chonga mteremko kuzunguka tundu, milimita 12.5 kwa kila tabaka. Kwa matabaka 3, pete inatoka kipenyo cha 60 hadi 135. Tumia mashine ndogo ya msasa yenye kisahani cha milimita 50 hadi 75, namba 80 kisha 120. Matabaka yatajitokeza kama pete za kisiki cha mti. Pete ikiwa pana upande mmoja na nyembamba upande wa pili, mkono wako umeegemea. Rekebisha kabla hujaingia tabaka la chini.

6. Nje ya pete, kwaruza milimita 25 zaidi kwa ajili ya tabaka la juu kabisa. Hapo ondoa rangi na mng'ao tu, usiguse nyuzi.

Safisha kwa asetoni na vitambaa viwili visivyo na manyoya: cha kwanza chenye dawa, cha pili kikavu kinachofuata papo hapo kabla dawa haijakauka yenyewe. Ukiiacha ikauke, uchafu uliouyeyusha unarudi ulipotoka. Tupa vitambaa kila baada ya mpangusio mmoja au miwili. Halafu jaribu kwa maji safi kidogo sana, kwenye ngozi tu, mbali na sega: maji yatandae bila kukatika kwa sekunde 30. Yakijikusanya vishanga kama juu ya jani la nduma, kuna mafuta, rudia. Baada ya hapo kausha tena, na usiguse kwa mkono usio na glavu. Jasho la kidole kimoja hutosha kuharibu gundi ya eneo la kidole kimoja.

Vitambaa na resini

Vipenyo vya viraka ni hivi: 60 cha kujazia, kisha 85, 110, 135, na cha juu 185. Kila tabaka jipya lilale kwa mwelekeo wa lile linaloliziba. Tafuta mtande, yaani nyuzi zinazokwenda urefu wa jora, na uuchore kwenye polithini kwa mshale. Mshindio unaukata kwa nyuzi 90. Ukishalowesha kitambaa huwezi tena kuvitofautisha kwa haraka.

Kata vipande vya mraba vikubwa kidogo kuliko viraka, uviweke vyote kwenye mizani. Kwa kitambaa cha gramu 300 kwa mita mraba vitakuwa gramu 26 hivi. Resini iwe uzito sawa na kitambaa, yaani gramu 26, ongeza 10 za kubaki kwenye kikombe na polithini: jumla 36. Kama karatasi ya maelekezo ya resini inasema 100 kwa 30, pima gramu 27.7 za sehemu A (resini yenyewe) na 8.3 za sehemu B (kigumishi). Kwa kiasi kidogo hivi, mizani isomwe hadi sehemu ya kumi ya gramu. Kukosea gramu 1 ya B ni kukosea zaidi ya asilimia 10.

Hapa ndipo mazoea ya kutengeneza matangi ya maji na bodi za matatu yanapoponza. Polyesta inayouzwa Industrial Area huongezewa matone ya kichochezi asubuhi ya baridi, nayo ikashika haraka. Epoksi haiko hivyo. Sehemu B huungana na A molekuli kwa molekuli, na kilichozidi hubaki ndani bila mwenza, kiraka kikawa laini. Julai alfajiri, joto likiwa nyuzi 12, resini ni nzito kama asali. Dawa yake ni kupasha chumba hadi nyuzi 20 au zaidi. Usiongeze B, wala usiizimue kwa asetoni. Na polyesta yenyewe usiipake kabisa juu ya epoksi iliyoiva: haishiki. Puti ya magari nayo ibaki kwa magari.

Koroga dakika 3 hadi 5 ukikwangua kingo na kitako. Mchanganyiko mwingi usikae kikombeni, kwa sababu joto lake lenyewe hulisha joto zaidi, na gramu 300 zinaweza kufuka moshi. Mimina juu ya kitambaa kilicholazwa kwenye polithini, funika kwa polithini nyingine, kisha sukuma kwa kikwangua cha plastiki kutoka katikati kwenda nje hadi kusiwe na weupe wowote. Kata duara ukiwa umebakiza polithini pande zote mbili. Bandua ya chini, laza kiraka, bandua ya juu. Anza na kidogo, maliza na kikubwa. Bakisha resini kikombeni, iandike namba ya kazi, na uiweke pembeni.

Mfuko

Juu ya kiraka, kwa mpangilio huu: kitambaa cha kubandua, filamu isiyoshika yenye vitundu, tabaka moja la kitambaa cha kufyonza resini, filamu isiyoshika isiyo na tundu, blanketi la umeme, matabaka mawili ya kitambaa cha kupitisha hewa, mwisho nailoni ya vakyumu, iliyofungwa kwenye ngozi ya ndege kwa tepu ya ulimbo. Kitambaa cha kufyonza ni kimoja tu kwa makusudi. Ukiweka viwili, resini iliyolainika kwa joto hunyonywa yote na kiraka hubaki kikavu, chepesi, kisicho na maana.

Blanketi lizidi kiraka kwa milimita 50 kila upande. Kwa kazi hii sentimita 30 kwa 30 linatosha. Waya za kupimia joto ziwe 4 kwenye ukingo wa kiraka, na moja ya ziada ikiwa chini kuna mbavu ya alumini. Alumini hunyonya joto, na hapo ndipo patakapobaki pabichi wakati kwingine pameiva. Kila waya inapopita kwenye tepu, izungushie kipande kidogo cha tepu nyingine. Waya ndizo mlango namba moja wa hewa.

Nailoni ikatwe kubwa kuliko eneo kwa theluthi, na ziada iwekwe kwenye mikunjo iliyosimama, mmoja kila upande. Nailoni iliyokazwa kama ngozi ya ngoma juu ya kona haigusi chini, na palipo hivyo hakuna kilo hata moja inayokandamiza. Weka vali mbili, mbali na kiraka na zote juu ya kitambaa cha kupitisha hewa: moja ya pampu, ya pili ya geji upande wa mbali kabisa. Geji iliyo kando ya pampu husoma pampu, haisomi mfuko.

Washa. Geji ikifika 24, funga vali ya pampu na utazame saa. Usipopewa kiwango kingine kitabuni, isishuke zaidi ya inchi 1 kwa dakika. Ikishuka, nyamazisha karakana utege sikio: mvujo hulia kama mbu. Kandamiza tepu kwa kidole gumba kuzunguka mfuko mzima, hasa chini ya mikunjo na kwenye waya. Mfuko usioshika ukiwa baridi hautashika ukiwa moto, kwa hiyo usiwashe blanketi kwa matumaini. Kuna pia mvujo ambao tepu haiuzuii: ngozi ya ndani ikiwa na ufa, hewa hupenya kupitia sega. Huo huzibwa kwa kufunga mfuko wa pili upande wa nyuma.

Kuivisha

Resini nyingi za kupaka kwa mkono huiva kwa siku 5 hadi 7 kwenye nyuzi 24, au kwa saa 1 hadi 2 kwenye nyuzi 80 hivi. Fuata karatasi ya resini. Panda kwa nyuzi 1 hadi 3 kwa dakika. Kupanda kwa joto kudhibitiwe na waya iliyo moto kuliko zote, na muda wa kuiva uanze kuhesabiwa waya iliyo baridi kuliko zote inapofika. Ukibadilisha hizi mbili utaunguza upande mmoja na kuacha mwingine mbichi, nayo karatasi ya mashine itaonyesha kazi safi.

Stima ikipotea katikati, swali ni moja: resini ilikuwa imeshika? Vali isiyorudisha hewa kati ya pampu na mfuko hukupa dakika chache za kuwasha jenereta, basi iweke daima. Vakyumu ikianguka resini ikiwa bado majimaji, matabaka hulegea na hewa huingia katikati; kurudisha pampu hakuitoi yote. Toa kila kitu, safisha, anza upya. Hasara ni gramu 36 za resini na siku moja.

Poesha polepole, vakyumu ikiwa bado inafanya kazi, mpaka chini ya nyuzi 50. Kufungua mfuko ukiwa moto kwa sababu gari la kwenda mjini linaondoka ni njia ya uhakika ya kupata kiraka kilichoinuka ukingoni.

Mfuko ukifunguliwa

Bonyeza ukucha kwenye resini uliyobakisha kikombeni. Ikibonyea hata baada ya muda wake wa kuiva kwa joto la chumba kupita, kiraka nacho kina shaka: huenda umekosea uzito. Gonga kiraka chote na milimita 50 nje yake, kisha linganisha na mchoro wa mwanzo. Mlio mzito ndani ya kiraka hautibiwi kwa sindano ya resini ila kitabu kiwe kimeruhusu.

Laini ukingo kwa msasa 180 bila kukata nyuzi, paka praima na rangi. Pua ya rada, yaani kifuniko cha rada puani mwa ndege, ina sharti lake: rangi ya aina iliyotajwa na unene uliotajwa tu, la sivyo rada huona nusu ya wingu. Ngozi yenye wavu wa shaba wa kujikinga na radi irudishiwe wavu huo, na mwendelezo wa umeme upimwe. Kaboni isigusane na alumini bila tabaka la glasi katikati, maana alumini italiwa na kutu. Eleveta (kisukani cha mkiani) au eileroni (kisukani cha bawani) iliyokarabatiwa ipimwe mizani upya kabla ya kurudi kwenye ndege. Gramu chache nyuma ya bawaba zinaweza kuifanya itetemeke hewani hadi ing'oke.

Kwenye rekodi ingiza namba za bechi za resini na kitambaa, tarehe za kuisha muda, uzito wa A na B, mchoro wa kugonga kabla na baada, na karatasi ya joto na vakyumu. Andika pia shinikizo la hewa la saa ile hapo Wilson. Chukua lile halisi la kiwanjani. Lile la ripoti ya hali ya hewa limegeuzwa kuwa la usawa wa bahari na husoma milibari 1,020 hivi, kana kwamba tuko Likoni. Mkaguzi wa mwenye ndege, akiwa ofisini kwake karibu na bahari, ataona inchi 23.5 na kuuliza kwa nini haikufika 27. Namba hiyo moja pembeni ya karatasi itamjibu.